Titi la kushoto, mionzi na moyo: nimeambiwa nitabana pumzi. Kuna aliyepitia hili hapa Nairobi?

MwalimuKayole
Hamjambo wadau. Mimi huwa nasoma tu humu bila kuandika, leo imenibidi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 47, naishi Kayole. Mwaka jana nilitolewa uvimbe kwenye titi la kushoto pamoja na tezi kadhaa za kwapani. Nikapitia kemo, ile nyekundu ambayo ukienda haja ndogo unadhani umekula bitiruti. Sasa nimefika kwenye mionzi. Siku 15, Jumatatu hadi Ijumaa.

Juzi daktari aliniambia kwamba kwa sababu ni titi la kushoto, moyo uko palepale nyuma yake. Nilivyomwelewa mimi ni kama wapangaji wawili wa ploti moja waliotenganishwa na ukuta wa mabati: huyu akipika, yule anakula moshi. Akasema watajaribu kunipiga mionzi nikiwa nimebana pumzi ili moyo usogee. Kabla sijauliza la pili nesi akaita jina la mgonjwa mwingine, nikajikuta niko koridoni na faili.

Naomba kujua mambo matatu. Hiyo ya kubana pumzi inasaidia kweli au ni maneno? Nikishindwa kubana je, maana hata ngazi za shule zinanihemesha siku hizi? Na nina presha, nameza dawa mwaka wa sita huu. Hiyo haitaharibu mambo zaidi?

KipusaWaRongai
Pole sana mwalimu. Nafuatilia kwa makini, dada yangu naye ni kushoto.

Mchokozi254
Mimi nitasema ambalo wengine humu wanaogopa kusema. Shangazi yangu alichomwa mionzi miaka ya themanini. Saratani ikaisha, akaja kufa kwa moyo. Na si hadithi tu: kuna utafiti mkubwa wa 2013, wanawake wa Uswidi na Denmark, uliosema kila grei moja (kipimo cha dozi) ya mionzi inayoufikia moyo inaongeza ugonjwa wa moyo kwa 7.4%. Mwalimu, wewe unajua hesabu. Grei tano ni 37%. Zaidi ya theluthi ya wanawake wanatoka pale na moyo mbovu! Ningekuwa wewe ningetafuta majani ya stafeli nichemshe, nimwachie Mungu.

ShangaziWaNyali
We kijana, mtu kaja hapa na hofu yake wewe unamwongezea petroli? Mwalimu mwanangu, mimi ni kushoto vilevile. Nilikuja Nairobi 2016 nikakaa kwa binamu yangu Eastleigh wiki tano nzima, mara 25. Nina miaka 68, jana nimepanda ngazi za kwa mwanangu ghorofa ya nne na kikapu cha samaki. Usikimbie tiba kwa maneno ya watu. Wenye kujua wanakuja, subiri.

FundiMionzi
Nafanya kazi kwenye chumba cha mionzi, sitasema hospitali gani. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu hili la 7.4% naliona kila mahali na kila mtu analisoma vibaya.

Mchokozi, namba uliyotaja ni ya kweli. Hesabu yako ndiyo yenye kasoro. Ukiambiwa mkate wa shilingi 65 umepanda kwa 20%, hutoi shilingi 65 na noti nyingine. Unaongeza shilingi 13. Ile 7.4% inaongezwa juu ya hatari ambayo mtu tayari alikuwa nayo, na kwa wengi ni ndogo. Watafiti haohao walitoa mfano: mwanamke wa miaka 50 asiye na tatizo lolote la moyo, ambaye moyo wake umepata wastani wa grei 3. Bila mionzi, nafasi yake ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 80 ni 1.9%. Kwa mionzi inafika 2.4%. Katika wanawake 1000 kama huyo, ni watano zaidi.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya majaribio 17 yaliyojumlisha wanawake 10,801 waliotolewa uvimbe wakabakiza titi, kama mwalimu. Katika miaka 10, saratani ilirudi kwa wanawake 35 katika kila 100 ambao hawakupigwa mionzi, na kwa 19 katika kila 100 waliopigwa. Waliokufa kwa saratani ya titi ndani ya miaka 15 walikuwa karibu 25 katika 100 bila mionzi, 21 kwa mionzi. Igeuze kwa elfu: karibu 40 wameokolewa. Watano upande huu, 40 upande ule.

Lakini hao watano ni watu, na ndiyo sababu kazi yangu ipo. Utafiti ule ulionyesha mambo mawili tusiyopenda kuyasikia. Hakuna kiwango cha chini ambacho ukiwa chini yake uko salama kabisa. Kila punje ya dozi ina uzito wake. Na madhara huanza kuonekana ndani ya miaka mitano ya kwanza, kisha yanaendelea zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo kila tunachoweza kuupunguzia moyo, tunaupunguzia.

Kuhusu shangazi yako, pole kwa kweli. Wanawake wa utafiti ule walitibiwa kati ya 1958 na 2001. Siku hizo wengi walipangiwa mionzi kwa picha bapa za eksirei, daktari anakisia moyo uko wapi. Leo tunampitisha mgonjwa kwenye CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, tunauona moyo kipande kwa kipande, tunauchora kwenye kompyuta, na hata ule mshipa unaoshuka mbele ya moyo upande wa kushoto, ambao ndio uko karibu zaidi na ukuta wa kifua, tunaupigia hesabu yake.

Mchokozi254
Hesabu ya mkate nimeielewa. Lakini shangazi alikufa.

ShangaziWaNyali
Alikufa, baba. Mungu amrehemu. Hakuna anayekukatalia hilo.

MwalimuKayole
Ahsanteni. FundiMionzi, nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mume wangu. Sasa nieleze ya pumzi kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne.

FundiMionzi
Sawa mwalimu. Weka mkono kifuani, toa pumzi yote, halafu vuta taratibu hadi kifua kijae. Umeona ukuta wa kifua umepanda? Ndani, kile kiwambo kilicho chini ya mapafu kimeshuka, na moyo unakikalia, kwa hiyo nao umeshuka na kurudi nyuma. Pafu limejaa hewa likaingia katikati. Nafasi iliyokuwa ya unene wa kidole inaweza kuwa ya vidole viwili. Miali yetu haiji kutoka mbele kama tochi. Inapita ubavuni, inakwangua titi kutoka pande mbili, kama kisu kinavyopita juu ya chapati bila kugusa sufuria. Moyo ukirudi nyuma hata sentimita moja, kisu hakiufikii.

Hofu ya wengi ni kwamba watabana pumzi dakika nzima. La. Ni sekunde 20 hivi, unaachia, unapumua, unarudia mara chache. Tunakuona kwa kamera na tunakusikia. Ukikohoa, ukichoka, ukisahau, ukaachia, tunazima miali. Hakuna mtu amewahi kuungua kwa sababu alipiga chafya.

Makosa ninayoyaona kila siku ni haya. Mtu anavuta kama anataka kupiga mbizi Lamu. Hatutaki pumzi kubwa, tunataka pumzi ileile kila mara. Na mtu ananyanyua mgongo. Kifua kinaonekana kimepanda, kumbe ni mgongo umepinda na moyo uko palepale. Lala mgongo ukigusa sakafu, mwenzako aweke kiganja chini ya kiuno. Ukivuta pumzi na kiganja kikabaki kimebanwa, uko sawa.

BabaMapacha
Naongezea ya mke wangu, alimaliza mwaka uliopita, naye mara 15. Pumzi haikumsumbua. Kilichomsumbua ni MKONO. Pale unalazwa kwenye ubao wenye mwinamo, mikono yote juu ya kichwa, na yeye baada ya kutolewa tezi za kwapa bega lilikuwa limekauka kama mlango wa zamani. Siku ya CT alilia. Wakamrudisha nyumbani wiki mbili za mazoezi: unasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kama buibui, unaweka alama ya kalamu mahali ulipofika, kesho unaipita. Ukuta wetu wa jikoni bado una zile alama, nimekataa kupaka rangi. Mwalimu, anza leo.

Swali langu kwa Fundi: tulisoma kwamba kuna wanaolala kifudifudi, titi likaning'inia mbali na moyo. Mke wangu ana titi kubwa tukadhani ingemfaa.

FundiMionzi
Ipo hiyo. Royal Marsden kule Uingereza walifanya mfululizo wa majaribio yaitwayo HeartSpare. Kwa wanawake wenye matiti makubwa walilinganisha kulala kifudifudi na kubana pumzi; kubana pumzi ndiko kulikoukinga moyo vizuri zaidi. Ukilala kifudifudi titi linaenda mbele ni kweli, lakini moyo nao unaangukia ukuta wa kifua.

Jaribio jingine la haohao ndilo ninalolipenda kwa hali yetu hapa. Walilinganisha kifaa cha bei kinachomfungia mgonjwa hewa kwa mpira mdomoni, na mgonjwa kubana pumzi mwenyewe huku mafundi wakitazama alama za ngozi na taa. Moyo ulikingwa sawasawa, na hiyo ya kubana mwenyewe ilichukua muda mfupi na wagonjwa waliipenda zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia hatuwezi kwa sababu hatuna mtambo fulani, muulize tena kwa upole.

KipusaWaRongai
Na wa kulia je? Mama wa jirani ni kulia, anasema hayamhusu.

FundiMionzi
Yanamhusu kidogo. Dozi ya moyo kwa titi la kulia huwa ndogo zaidi lakini si sifuri, hasa kama wanapiga pia tezi zilizo nyuma ya mfupa wa kidari. Kwake mara nyingi pumzi ya kawaida inatosha.

NesiWaUsiku
Nimetoka zamu, naandika na macho nusu. Mwalimu, umetaja presha na kemo nyekundu katika sentensi mbili tofauti kana kwamba hazijuani. Zinajuana. Dawa ile nyekundu, doksorubisini, inaweza kudhoofisha msuli wa moyo. Kama saratani yako ni ile yenye protini nyingi ya HER2 na unapewa dawa yake, trastuzumabu, nayo ina tabia hiyohiyo, ndiyo maana wanaoipata hupimwa eko (ultrasaundi ya moyo) kila miezi mitatu hivi. Mionzi inakuja kama mgeni wa tatu kwenye nyumba hiyohiyo. Kwa mtu mwenye presha ile nyongeza anayoisema Fundi huwa kubwa kuliko kwa asiye nayo.

Sikutishi. Maana yake ni kwamba kidonge chako cha presha ni sehemu ya tiba ya mionzi. Usiruke hata siku moja. Kama hujafanyiwa eko tangu kemo iishe, omba. Kama unavuta sigara (najua, mwalimu, lakini kuna wengine wanasoma), hii ndiyo wiki ya kuacha. Huko kuhema ngazi usikuweke tu kwenye kikapu cha uchovu wa kemo. Mwambie daktari kabla ya kuanza.

Stafeli kula tunda kama unalipenda. Majani ya kuchemsha, mwambie daktari wako kwanza. Nimemwona mtu aliyeacha tiba kwa ajili ya chupa ya majani. Sitaandika yaliyofuata.

MwalimuKayole
Nimerudi. Imepita wiki mbili na nusu.

Eko nilifanyiwa, moyo unasukuma vizuri, kuhema ni damu iliyokuwa chini. Nimekula mboga za managu na maini hadi watoto wamegoma.

Siku ya CT ndiyo ilikuwa kituko. Nimefika saa moja asubuhi, nimefanya mazoezi yangu yote ya kiganja chini ya kiuno. Kijana mmoja akanilaza, akaniambia pumua kawaida. Nikamwambia daktari alisema nitabana pumzi. Akajibu, hiyo ni mambo ya majuu mama, hapa tuna foleni. Sitaitaja hospitali, na wengine wote pale walikuwa watu wema. Miezi sita iliyopita ningenyamaza. Safari hii nikakumbuka "muulize tena kwa upole". Nikamwambia, mwanangu, mimi nina presha, nimekunywa dawa nyekundu, na titi ni la kushoto. Mwite mkubwa wako, mimi nitangoja hapahapa mikono ikiwa juu. Na kweli sikuishusha. Akaja mama mmoja mwanafizikia, mfupi, miwani shingoni, akasikiliza, akasema tutapiga picha mbili: moja ya kupumua kawaida, moja ya kubana, halafu tulinganishe.

Baadaye daktari alinigeuzia kompyuta. Kwa pumzi ya kawaida wastani wa moyo wangu ulikuwa grei 3.6. Kwa kubana, 1.4. Niliona kwa macho yangu: picha ya kwanza moyo umelalia ukuta, ya pili kuna mwezi mwembamba mweusi wa hewa katikati. Nilikaa kimya nikiutazama huo mwezi.

Wakanichoma vidoti vitatu vya tatoo, vidogo kama madoa ya kalamu. Mama yangu angefufuka kunichapa.

BabaMapacha
Mikono juu hadi mkubwa aje!!! Nimemsomea mke wangu, anacheka hadi mapacha wameamka.

FundiMionzi
Kutoka 3.6 hadi 1.4 ni kazi nzuri. Na huyo kijana naomba umsamehe. Picha mbili ni muda, na nje watu wamekaa sakafuni wakisubiri. Lakini umefanya sawa. Mahali pa kuuliza ni hapo, kabla ya CT. Mpango ukishapigwa na kutiwa sahihi, kurudi nyuma ni vigumu.

MwalimuKayole
Siku ya sita. Ngozi imeanza kuwa nyeusi chini ya titi, si mbaya. Sauti ya kwenye spika inasema "vuta… bana", nahesabu kimoyomoyo kwa jedwali la saba. Saba mara moja, saba mara mbili. Nikifika saba mara tisa wanasema "pumua". Mume wangu anauliza kwa nini la saba. Kwa sababu ndilo linalowashinda watoto, kwa hiyo ndilo ninalolijua zaidi.

MwalimuKayole
Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi, mashine ikaharibika. Tumekaa kwenye benchi tangu saa mbili, saa nane wakasema turudi Jumatatu. Mama mmoja kutoka Kitui alikuwa amekula nauli yake ya mwisho. Tukachanga. Fundi, siku nilizokosa zinapotea?

FundiMionzi
Hazipotei, zitaongezwa mbele au kufidiwa kwa namna nyingine. Mwanafizikia wako anajua hesabu yake. Kinachoharibu ni mtu kukosa siku mbili akasema basi imetosha. Mwambie na huyo mama wa Kitui.

Mchokozi254
Mwalimu umefika ngapi?

MwalimuKayole
Kumi na moja.

Mchokozi254
Sawa. Binti wa yule shangazi ana uvimbe, kushoto. Hajaenda hospitali kwa sababu ya mama yake. Nimemtumia uzi huu. Amesoma hadi pale kwenye mkate.

ShangaziWaNyali
Mlete hapa huyo binti. Mlete, mimi nitaongea naye.

MwalimuKayole
Nimemaliza leo. Kumi na tano. Nimepewa karatasi ya kurudi baada ya wiki sita, na maagizo ya presha na kolesteroli kila mwaka kwa daktari wa kawaida, na nimwambie kila daktari mpya kwamba nilipigwa mionzi kushoto, hata baada ya miaka ishirini. Nimeandika kwenye jalada la ndani la kitabu changu cha kliniki kwa kalamu nyekundu.

BintiWaGithurai
Samahanini, ni mimi wa Mchokozi. Biopsi, ile ya kutoa kipande cha uvimbe kipimwe, ni Jumanne. Najua ya mionzi bado iko mbali lakini jana nilijaribu kubana pumzi kitandani, nikafika sekunde tisa tu nikaachia.

MwalimuKayole
Sekunde tisa kwa jedwali langu ni kama kufika saba mara nne. Na mgongo ulikuwa chini?

BintiWaGithurai
Sikuangalia.

MwalimuKayole
Nenda biopsi kwanza. Jumanne jioni nitumie namba yako kwa ujumbe wa siri, tutahesabu pamoja kwa simu.